Mstari Wenye Koma

Ukunda, 12 Mei 2025

Luqman,

Salamu. Ulivyoondoka ofisini mwaka jana bila hata kunywa chai ya kuagana, najua hukuitarajia barua yangu, na pengine hukuitaka. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Kuna mama anaitwa Subira, wa upande wa Samburu, hii Samburu yetu ya Kinango, penye malori. Wiki iliyopita alishikwa na uchungu mchana. Mhudumu wa afya wa kijiji akabonyeza kitufe kwenye simu yake kuita gari la akina mama wajawazito, kama mimi na wewe tulivyowafundisha. Alama ya kijani ikatokea: ujumbe umetumwa. Akaamini, hakupiga simu ya kawaida. Wakangoja. Gari halikuja. Mwishowe walimpakia Subira kwenye lori lililokuwa limepeleka mbuzi mnadani, na akajifungulia humo humo, barabarani. Mtoto yu hai. Subira alipoteza damu nyingi mno, bado amelazwa, na kila ninayemuuliza hali yake ananijibu "tuombe Mungu."

Dereva wa gari ni Mangi. Anaapa simu yake haikulia, ila ilikuja kulia gari likiwa halina tena wa kumchukua. Kamati imemsimamisha kazi. Nimetazama kumbukumbu za seva na ujumbe ulitoka papo hapo. Kwa hiyo ama Mangi alizima simu akalala, ama Pulika, ile programu yetu ya kupokea wito kwenye simu, imetudanganya sote.

Hiyo maktaba ya msimbo wa kompyuta tuliiandika wawili, lakini sehemu inayofungua mawasiliano, ile inayoifanya simu ikae wazi ikisikiliza wito, ni ya mkono wako. Hapa hakuna anayethubutu kuigusa. Mama Jemima, mwenyekiti wa kamati, anataka neno langu: dereva ana makosa au hana? Sitaki kumwandikia kabla sijakusikia.

Kanyiva Muange


Jego, 14 Mei 2025

Kwako Kanyiva,

Nimepata habari na imenisikitisha. Mwenyezi Mungu amwafu Subira, amlinde na mwanawe.

Kazi hiyo nimeiacha, na nilidhani nimeiacha mahali salama. Siku hizi niko shambani kwa marehemu mama, nashughulika na minazi. Lakini Mangi simuoni kuwa mtu wa kuzima simu. Nilipanda naye gari siku mbili tukijaribu mitambo, na hata msikitini kwetu aliiacha kwa bawabu ili ikilia aitwe.

Niambie jambo moja. Pulika haikubadilika tangu niondoke, sivyo? Basi kimebadilika kilicho mbele yake. Ni kitu gani?

Luqman


Ukunda, 15 Mei 2025

Luqman,

Umenikumbusha kwa nini nilikuwa nakupenda na kukuchukia kwa siku moja. Maneno machache, na swali lenyewe ndilo.

Ndiyo, mwezi wa nne tuliweka lango jipya. Zamani simu ziliongea na seva moja kwa moja. Sasa lango liko katikati: seva inalikabidhi ujumbe, nalo ndilo linaloshikilia mawasiliano na simu zote. Wakubwa walilitaka kwa sababu simu zimekuwa nyingi. Nililijaribu kabla ya kulifungua na ujumbe ulikuwa ukifika. Sikupima unafika kwa haraka gani.

Nimeligundua hili pia: seva huandika "umetumwa" mara tu lango likipokea. Haijui kama lango limeufikisha. Kwa hiyo ile alama ya kijani haisemi tulichowaambia watu kwamba inasema.

Nimekuambatanishia picha ya kioo changu, majibu ya lango kwa simu. Itazame unijibu leo ukiweza. Kamati inakutana mwanzoni mwa Juni.

Kanyiva


Jego, 17 Mei 2025

Kwako Kanyiva,

Picha usinitumie. Niandikie maneno yenyewe, mstari kwa mstari, na kila alama iliyomo, nukta, koma, herufi kubwa na ndogo. Mwambie asiache kitu. La, usiandike mwambie, andika usiache. Usiache kitu.

Ninachotaka ni zile heda, yaani ile mistari midogo inayotangulia ujumbe. Simu huanza kwa kubisha kwa itifaki ya kawaida ya tovuti, yaani kanuni zake za mazungumzo, kisha huomba: tafadhali tubadilishe, tufungue njia ya kukaa wazi. Lango likikubali hujibu kwa heda mbili, Upgrade na Connection. Nataka kuijua hiyo ya Connection imesemaje.

Luqman


Ukunda, 18 Mei 2025

Luqman,

Naona umepata karani. Hongera. Picha ni dakika moja kuitazama, lakini mkubwa anataka kusomewa, na hata jibu lake analitamka mtu mwingine aandike. Sikujua minazi inawapa watu heshima namna hiyo.

Haya, soma, au usomewe:

HTTP/1.1 101 Switching Protocols
Upgrade: websocket
Connection: keep-alive, Upgrade

Yaani lango limekubali. Hiyo mia moja na moja ndiyo kukubali kwenyewe. Na sekunde hiyo hiyo Pulika inakata, inaanza upya, inakata tena, mpaka inachoka. Ikichoka inarudi kwenye tabia ya zamani, kubisha hodi mara moja moja kuuliza "kuna ujumbe?" Simu ikiwa imelala mfukoni, kati ya hodi moja na nyingine unapita muda mrefu sana. Lango limesema ndiyo, kwa nini Pulika inasikia hapana?

Nilimpigia Mangi leo. Nilitaka kumuuliza maswali ya kitaalamu, akaniwahi: "Dada Kanyiva, mke wangu naye ameanza kuniuliza kama nililala."

Kanyiva


Jego, 19 Mei 2025

Kwako Kanyiva,

Ni koma.

Heda ya Connection si neno moja, ni orodha. Anayejibu ana ruhusa ya kuweka maneno mawili, matatu, akayatenga kwa koma. Lango limeandika keep-alive, yaani tusikate njia hii, kisha koma, kisha Upgrade. Lina haki. Pulika inauchukua mstari mzima kama ulivyo na kuuliza: je, huu ni sawasawa na neno Upgrade? Si sawasawa. Basi inaona imedanganywa, inafunga mlango.

Seva yetu ya zamani ilijibu kwa neno moja, ndiyo maana miaka yote hatukuliona.

Fanya hivi. Ukate mstari penye koma, ondoa nafasi tupu pembeni mwa kila kipande, kisha utafute Upgrade miongoni mwa vipande. Likiwemo, inatosha, mengine yasikushughulishe.

Halafu mwambie mke wa Mangi. Usingoje kamati.

Luqman


Ukunda, 23 Mei 2025

Luqman,

Nilirekebisha siku ile ile. Simu yangu ililia kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nikampigia Mangi na mkewe, nikasema kosa ni letu. Kisha nikamtumia Mangi Pulika mpya, nikabonyeza.

"Inalia?"

"Hailii, dada. Nimeishika mkononi, naitazama tu."

Tukajaribu tena. Tukajaribu akiwa amepanda kilimani penye mtandao mzuri. Kimya. Kisha ikaja kulia baadaye, kama siku ya Subira. Nikamsikia mkewe nyuma yake akisema, "Si walisema wametengeneza?"

Sasa nimemharibia zaidi, Luqman. Mama Jemima amepata habari kwamba "kosa limetengenezwa na bado simu hailii," na kuna wajumbe wanasema basi kosa halikuwa la mitambo. Wamepata dereva mwingine. Kikao ni tarehe tatu Juni.

Siwezi kuendelea kwa barua. Njoo Ukunda, keti na mimi siku moja, ushike simu hii uitazame. Ni safari ya asubuhi tu. Au niambie ukweli: ni kwa sababu mwaka jana walinipa mimi uongozi wa timu wakakuacha wewe? Uliondoka wiki ile ile. Sikuuomba. Ukiwa na kinyongo nami, nichukie mimi, lakini Mangi amekukosea nini?

Kanyiva


Jego, 25 Mei 2025

Dada Kanyiva,

Hujambo mwanangu wa kwetu. Hunijui. Mimi ni Mwanaima, dada mkubwa wa Luqman, na ndimi yule karani uliyemtania. Barua yako ya mwisho sijamsomea yote. Nilifika kwenye maneno ya kinyongo nikasema mtandao umekatika, nikatoka nje.

Ndugu yangu haoni. Ilianza na presha ya macho, akawa anaificha huko kwenu. Anasema alikuwa akikuza maandishi kwenye kioo mpaka neno moja likajaza simu nzima. Wiki aliyoondoka ndiyo wiki daktari alipomwambia upande wa pili nao umekwisha. Hiyo habari ya uongozi hata hajawahi kunitajia. Alichonitajia ni kwamba siku moja ulimsogezea kiti akakigonga, ukacheka ukidhani anafanya mzaha, naye akacheka pia.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Jego. Najua misumari na saruji. Barua zako namsomea kaunta, wateja wakingoja, na hizo heda zenu nazisoma kama mtoto wa chuo cha Kurani: keep, kistari, alive, koma. Nilipotamka koma alinishika mkono, akasema, "Rudia hapo." Tangu arudi nyumbani sijamsikia na sauti ile. Alikuwa akikaa barazani tu, anauliza saa.

Ananikataza nisikwambie. Anasema ukijua utaacha kumuuliza maswali magumu, utaanza kumuuliza amekula nini. Basi sijakwambia. Mwandikie kama kawaida, ila kwa maneno, bila picha. Mimi nitasoma.

Mwanaima


Ukunda, 26 Mei 2025

Mpendwa Luqman,

Habari za Jego? Natumai u mzima na shamba linaendelea vizuri. Samahani kwa ukali wangu wa juzi. Yale ya mwaka jana yasahau kabisa, sikupaswa kuyaandika.

Kama una nafasi, na kama haikuchoshi, nimechukua heda zinazotoka kwenye simu ya Mangi kwenda kwa lango. Simu yangu ni mpya, yake ni ya zamani kidogo. Nakuandikia zote kwa maneno, polepole.

Mstari wa kwanza: Connection, nukta pacha, keep-alive kwa herufi ndogo.
Mstari wa pili: Upgrade, nukta pacha, websocket.
Mstari wa tatu: Connection tena, nukta pacha, Upgrade kwa herufi kubwa mwanzoni.

Hakuna koma popote, nimekagua. Lango linajibu kama vile halikuombwa kitu. Halisemi mia moja na moja, linatoa jibu la kawaida na kunyamaza.

Usijisumbue kujibu haraka.

Kanyiva


Jego, 27 Mei 2025

Kwako Kanyiva,

Umekuwa mpole ghafla. Ulipokuwa mkali tulifanya kazi vizuri zaidi. Na unaniambia nisijibu haraka wakati kikao ni Jumanne.

Tatizo umeliandika mwenyewe: "Connection tena." Kwa nini iwe tena? Simu za zamani zina maktaba nyingine ya chini, inayoibeba Pulika, na hiyo huweka Connection ya keep-alive kwa hiari yake bila kuulizwa. Pulika ikaja ikaongeza ya kwake badala ya kuifuta ile. Mistari miwili. Kwa sheria lango lilipaswa kuiunganisha na kuihesabu kuwa orodha moja, lakini naona hili lenu linasoma wa kwanza tu, keep-alive, na kusema: huyu hataki kubadilishwa.

Usianze kugombana na lango. Heda ya Connection ni mazungumzo kati ya simu na yule aliye mbele yake, hapo hapo, haiendi zaidi. Basi iandikwe na mkono mmoja. Simu ikiomba kubadilisha itifaki, Pulika ifute chochote ilichokikuta kwenye Connection na kuweka mstari mmoja, Upgrade peke yake. Na kwenye kusoma majibu, ile dawa ya koma ibaki. Zilikuwa kasoro mbili zimevaa kanzu moja.

Jaribu kwa Mangi. Ikilia, iache simu nyingine ya aina ile ile na Pulika ya kale, usiiguse. Nina kazi nayo.

Nitakwenda Samburu mwenyewe. Kamati haitaelewa barua yako, na nikiandika mimi hawataielewa vile vile. Jumanne saa nne kaa kwenye seva, ushike simu, ungoje neno la dada yangu. Akikwambia bonyeza, bonyeza.

Luqman


Ukunda, 28 Mei 2025

Luqman,

Imelia. Mangi hakusema hello wala nini. Alisogeza tu ile inayolia karibu na simu aliyonipigia, nisikie mlio.

Nitakuwa kwenye seva. Mkipita Ukunda, nitakuwa stendi tangu asubuhi ya Jumatatu na chai.

Kanyiva


Jego, 5 Juni 2025

Dada Kanyiva,

Najua ulisikia nusu tu ya mambo, kupitia simu yangu niliyoiacha wazi mfukoni. Leo nikueleze yote.

Kwanza samahani ya Ukunda. Nilikuona. Ulisimama karibu na wauza miwa ya Ramisi ukiwa na chupa ya chai. Nikamwambia, "Kanyiva huyu hapa, tushuke." Akanijibu, "Siku nyingine," akageuza uso upande wa pili kana kwamba huko kuna kitu cha kutazama. Gari likaondoka. Nililia kidogo mpaka Kwale, kisha nikaacha, maana alikuwa ananisikia.

Tulilala Kinango kwa jamaa. Asubuhi tukafika Samburu, kikao kiko kwenye ukumbi wa kanisa. Mangi alikuwa amesimama nje, hakuingia. Luqman alipotambulishwa, nikamwongoza mpaka kiti cha mbele, na mzee mmoja wa kamati akasema hadharani: "Samahani jamani, sina ubaya, lakini huyu bwana haoni. Atatuonyesha nini?"

Nilikuwa na jibu lake la kumrudisha kwao. Luqman akanibana mkono.

"Msinitazame mimi, mzee wangu," akasema. "Wala msiniamini. Sikilizeni simu."

Mangi alikuwa ametukabidhi simu mbili, Luqman akaziweka juu ya meza. Moja ina Pulika mpya, moja ile ya kale. Akamwomba yule mhudumu wa afya, yule yule wa siku ya Subira, aje akae mbele na simu yake. Ndipo nikakwambia bonyeza. Ulipobonyeza wito wa kwanza, simu mpya ililia hata neno lako halijaisha. Watu wakapiga makofi. Luqman akanyanyua mkono wanyamaze. Akamwambia mhudumu, "Sasa mwanangu, ita gari, wito uende kwenye ile ya kale."

Yule binti akabonyeza. Mama Jemima akainama kuangalia kioo cha simu ya binti. Akasema, "Kijani kimetokea."

"Mama, siku ya Subira kilitokea?" Luqman akauliza.

"Kilitokea," akajibu binti mwenyewe.

"Basi ujumbe umetumwa. Tungoje."

Tukangoja. Simu ya kale iko pale mezani, kimya. Watu wakaanza kukohoa. Chai ikaletwa, ikamiminwa, ikanywewa. Mzee yule akasema, "Tumeelewa bwana, tuendelee na ajenda."

Luqman hakupandisha sauti hata kidogo. "Tungoje, mzee. Subira alingoja."

Kanyiva, sijawahi kukaa kwenye kimya kama kile. Kulikuwa na mama mmoja anafungua leso na kuifunga, anafungua na kufunga. Mhudumu wa afya akaanza kulia, maana siku ile alikuwa peke yake na Subira kwenye kimya hicho hicho, ameshika simu yenye kijani. Mwishowe ile simu ikalia. Ilikuwa inalia kwa nguvu, kama ina haraka sana.

Mama Jemima akainuka. Aliichukua simu, akatoka nayo nje kwa Mangi, na sote tukamfuata. Nilitarajia hotuba. Alimwambia tu, "Mangi, tumekuvunjia heshima. Funguo za gari ziko kwangu, twende nikupe." Mangi akajibu "Ndiyo mama," halafu akaenda kuegemea ukuta wa kanisa, na mkewe akamfuata huko.

Mzee wa ajenda alimtafuta Luqman. Akamshika mkono akamwambia, "Nimekosa." Luqman akamwuliza kama kuna chai iliyobaki.

Mwanaima


Ukunda, 9 Juni 2025

Luqman,

Idd njema iliyopita.

Habari kutoka Samburu: Subira ametoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta, lakini anatembea, na anamnyonyesha mwanawe. Mangi alimwendea nyumbani, akamwambia jinsi ilivyokuwa. Subira akasema hakuwahi kumlaumu mtu, alikuwa anashangaa tu kwa nini njia ni tupu. Juzi Mangi ameitwa tena, mama mwingine, amemfikisha zahanati na mapema.

Hapa ofisini nimebadilisha ile alama. Kijani sasa hakitokei mpaka simu ya dereva yenyewe ijibu kwamba imelia. Wakubwa walisema watu watachanganyikiwa. Niliwaambia watu walishachanganyikiwa, na nikawataka waniambie ana kwa ana nani ataandika barua ijayo kwa kamati. Wakakubali.

Sasa yetu. Nilikaa stendi mpaka chai ikapoa. Najua kwa nini hukushuka. Dada yako hakukuvunjia siri kwa ubaya, usimgombeze. Kuhusu kile kiti, Luqman, sijui nikuandikie nini. Nakikumbuka. Nilidhani unanichekesha.

Nina swali moja, jibu ukitaka. Unarudi kazini, au hurudi?

Kanyiva


Jego, 30 Juni 2025

kwako Kanyiva,

barua hii naiandika kwa vidole vyangu. Mwanaima yuko dukani, hajui. herufi kubwa zinanitoroka, nivumilie. nina programu inayosoma kioo kwa sauti, inaongea upesi kama dalali wa mnadani na ina lafudhi ya ajabu, lakini tumezoeana. wiki ya kwanza nilitaka kuitupa kisimani. wiki ya pili nilijifunza kuipunguza mwendo. sasa nimeanza kuuongeza.

nilijua unajua. nilijua siku uliyoacha kunigombeza. "mpendwa Luqman, na kama haikuchoshi." nilimwambia Mwanaima, umemwambia, akaapa hakukwambia.

ukweli ni huu. sikushuka Ukunda kwa sababu nilikuwa bado sijaamua kama kazi hii ningali naiweza. mtu ukimkuta barazani hajaamua, utamwonea huruma, na wewe una huruma nyingi chini ya hayo makelele yako. Samburu niliamua. mzee yule aliponiuliza nitaonyesha nini, nilijiuliza mwenyewe, na nikaona jibu ninalo.

kuhusu kiti, kilikuwa kinachekesha kweli.

nimekutumia mabadiliko ya Pulika. nimeunganisha dawa zetu mbili, ya kusoma na ya kutuma, ziwe mahali pamoja, na nimeandika majaribio: lango linalojibu neno moja, linalojibu mawili kwa koma, linalojibu mistari miwili, na lile lisilojibu kabisa. yote yanapita. nimeyasikiliza tena na tena. usiyapitishe kwa sababu ni mimi. nikigundua umeyapitisha kwa sababu ni mimi sitakuandikia tena.

unaniuliza narudi au sirudi. soma kwanza msimbo.

Luqman


Ukunda, 1 Julai 2025

Luqman,

Nimeusoma. Nimeukataa.

Umekata penye koma vizuri, nafasi tupu umeziondoa, mistari miwili umeiunganisha kama sheria inavyotaka. Halafu ukalinganisha na Upgrade yenye U kubwa tu. Heda hizi hazijali kubwa wala ndogo. Kesho lango likijibu upgrade kwa herufi ndogo, kama ulivyoandika karibu barua yako nzima, Pulika itafunga mlango, na Mangi atarudi kutuhumiwa. Kosa la namna hii ningelitarajia kwa mtu wa mwezi wa kwanza kazini. Majaribio yako ni mazuri, lakini yote umeyaandika kwa herufi kubwa, ndiyo maana yanapita.

Rekebisha, ongeza jaribio la herufi ndogo, ulete kabla ya Ijumaa. Kikao cha timu ni Jumatatu saa tatu asubuhi, na utaeleza mabadiliko yako mwenyewe. Nitakuwa stendi. Safari hii ushuke, kwa sababu sirudi tena nyumbani na chupa nzima ya chai.

Kanyiva